Bob Widlar

Robert John Widlar, anayejulikana zaidi kama Bob Widlar (Cleveland, Ohio, 30 Novemba 1937 – Puerto Vallarta, Mexiko, 27 Februari 1991), alikuwa mhandisi wa elektroniki kutoka Marekani. Anakumbukwa kwa kubuni saketi unganishi (aisii) za analogi, hasa vidhibiti volteji, ambavyo mafundi huviita regyuleta.

Maisha

Baba yake alikuwa mhandisi wa redio mjini Cleveland. Mwaka 1958 Widlar alijiunga na Jeshi la Anga, akawafundisha askari vifaa vya elektroniki. Alihitimu Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1963, na mwaka huohuo akaajiriwa na Fairchild Semiconductor huko California. Hapo alishirikiana na Dave Talbert, mtaalamu wa utengenezaji, kutoa amplifaya za aisii µA702 (1964) na µA709 (1965). Talbert alipohamia National Semiconductor, Widlar alimfuata mwishoni mwa 1965.

Kidhibiti volteji

Umeme wa betri hautulii. Betri ya gari ya volti 12 hupita volti 14 ikichajiwa, na hushuka inapotumika, ilhali aisii nyingi za kompyuta za wakati ule zilihitaji volti 5 zisizoyumba. Awali vidhibiti vilijengwa kwa vipuri vingi, na kwa kawaida mashine nzima ilitegemea kimoja tu.

Widlar alianza na LM100, kisha akabuni LM109 yenye miguu mitatu tu: wa kuingiza umeme, wa kutoa na wa ardhi. Ilitoa volti 5 kwa zaidi ya ampea 1, na ilijizima yenyewe ikipata joto kupita kiasi. Hivyo kila bodi ya mashine iliweza kuwa na kidhibiti chake.

Tatizo kubwa lilikuwa hilo joto, kwa sababu kipimo cha volteji kilikaa kwenye kipande kilekile cha silikoni kinachochemka. Volteji ya transista hupungua takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lakini transista mbili zikipitishiwa mkondo kwa msongamano tofauti, tofauti ya volteji zao huongezeka joto linapopanda. Widlar alijumlisha kinachopungua na kinachoongezeka, akapata takriban volti 1.2 ambazo karibu hazibadiliki. David Hilbiber alikuwa ameonyesha kanuni hiyo mwaka 1964. Widlar ndiye aliyeifanya ifae kiwandani.

Vidhibiti vya miguu mitatu vya aina hii vimeenea hadi kwenye meza za mafundi redio, pamoja na wa Shinyanga na Geita, ambako kambi nyingi za wachimbaji wadogo hutegemea sola na betri.

Tabia na miaka ya mwisho

Alikunywa pombe kupita kiasi na hakupenda wakubwa. Kipuri kilichomsumbua alikiponda kwa nyundo. Mwaka 1970 alileta kondoo ale majani mbele ya ofisi za kampuni.

Desemba 1970, akiwa na umri wa miaka 33, aliacha kazi na kuhamia Puerto Vallarta. Baadaye alirudi kama mshauri, akabuni LM10, inayoweza kufanya kazi kwa volti 1.1, yaani chini ya betri moja ya tochi. Mwaka 1981 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Linear Technology pamoja na Robert Swanson na Robert Dobkin, lakini aliondoka mwaka 1984.

Alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka 2009 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Wavumbuzi la Marekani.