Fundi na Mwanafunzi
Likizo iliyopita, mjini Kitale, nilimkuta mpwa wangu na ndugu zake uani wakifufua gari kuukuu la mashindano. Nilimkemea, nikamwamuru avirudie vitabu. Njiani kuelekea Bungoma nikamkumbuka marehemu Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa makanika. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant waliibuka washindi wa Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Akafariki London mwaka 2013. Fundi, mafunzo na mwanafunzi ni maneno ya shina moja; ni sisi walimu tulioyatenganisha. Mpwa wangu nitamwomba radhi.