Siti binti Saad na Kilio cha Mnyonge

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Alitembeza vyungu vya mama yake akivinadi kwa sauti, na sauti hiyo ikamfikisha mjini kuwa mwimbaji. Taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya mitaa ya Ng'ambo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri.

Wimbo wake wa Kijiti uliisuta mahakama ya kikoloni: mwuaji wa mwanamke alitorokea Bara, adhabu ikawaangukia mashahidi wanawake. Siti hakuwa na cheo wala elimu ya shule, lakini santuri ziliieneza aibu hiyo mwambao mzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Bukoba na Muleba zina wapiga nanga wao, waliosimulia habari za watawala. Na mwananchi wa Bumbire au Ikuza avukaye ziwa kutafuta haki, naye ana kilio chake. Ofisa mwenye hekima hukisikiliza mapema, kabla hakijawa wimbo.