Hergé, mchoraji wa watoto katika gazeti la wavamizi

Georges Remi, anayejulikana kwa jina la Hergé, alizaliwa Etterbeek, Brussels, tarehe 22 Mei 1907. Hakukanyaga Kongo hata siku moja. Lakini tangu Juni 1930 alimpeleka Tintin Kongo katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki. Mkurugenzi wake, padri Norbert Wallez, aliyempenda Mussolini, alitaka vijana wa Ubelgiji waipende koloni. Katika hadithi hiyo Tintin anasimama darasani na kuwafundisha watoto weusi kwamba Ubelgiji ndiyo nchi yao.

Mei 1940 Wajerumani wakaivamia Ubelgiji, na gazeti hilo likafa. Hergé akahamia Le Soir, gazeti kubwa ambalo wavamizi walikuwa wamewanyang'anya wenyewe. Tarehe 17 Oktoba 1940 ikaanza Le Soir Jeunesse, kurasa za watoto alizoziongoza.

Msomaji wa Bunia, mji uliokaliwa na jeshi la Uganda kuanzia 1998 hadi 2003, anajua njia ya wazi zaidi ya kumchukua mtoto: sare na bunduki. Kwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, mahakama ya CPI ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa UPC mwaka 2012. Brussels njia ilikuwa laini. Mtoto alitaka Tintin tu, na pamoja naye propaganda ikaingia nyumbani.

Karatasi ilipokosekana mwaka 1941, nyongeza ilikoma, Tintin akahamia ndani ya gazeti lenyewe. Katika hadithi iliyoanza Oktoba, Hergé alichora Wayahudi wawili wakifurahia mwisho wa dunia kwa sababu hawatalipa madeni. Agosti 1942 garimoshi la kwanza liliwapeleka Wayahudi wa Ubelgiji Auschwitz. Kitabu kilipotoka mwaka huo, picha ile ilikuwa imeondolewa, bila maelezo.

Baada ya ukombozi wa Septemba 1944 alikamatwa mara kadhaa, akalala gerezani usiku mmoja, akakatazwa kuchapisha. Paul Jamin, mwenzake wa kurasa za watoto, alihukumiwa kifo, halafu akaachiliwa. Hergé hakufikishwa mahakamani. Aliyemrudisha kazini ni Raymond Leblanc, mtu wa upinzani dhidi ya Wajerumani, na jarida la Tintin likatoka tarehe 26 Septemba 1946. Mwaka huohuo lile somo la Ubelgiji lilibadilishwa kuwa somo la hesabu.

Hergé alikufa tarehe 3 Machi 1983. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja alifungua kesi Brussels ili kitabu cha Tintin Kongo kipigwe marufuku. Mahakama ilikataa mwaka 2012, na kitabu kingali kinauzwa.