Jaramogi kati ya Moscow na Beijing: Urafiki uliomponza

UKIMSIKIA mkazi wa mtaa wa Ayany, Kibera, akisema kuwa jamaa yake wa Kisumu amelazwa Russia, usidhani mgonjwa huyo amesafirishwa kwa ndege hadi Moscow. Russia ni hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Majina hayo mawili, la nchi na la mtu, yanabeba kisa cha mwanasiasa aliyeitafutia Kenya marafiki Mashariki, kisha akaulipia urafiki huo kwa cheo chake, chama chake na uhuru wake.

Jaramogi alizaliwa Bondo mwaka wa 1911. Alisomea Maseno, Alliance na Makerere kabla ya kuwa mwalimu. Mwaka wa 1947 alianzisha shirika la kibiashara la Luo Thrift and Trading Corporation, akiamini kwamba Mwafrika asiye na mtaji wake mwenyewe hatasikilizwa na mkoloni. Alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957. Mwaka uliofuata aliwashtua wengi humo alipotangaza kwamba Jomo Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, ndiye aliyekuwa kiongozi halisi wa Waafrika.

Wakati huo dunia ilikuwa imegawanyika katika kambi mbili. Tarehe 14 Februari 1950, Muungano wa Kisovieti na Uchina zilikuwa zimetia saini mjini Moscow mkataba wa urafiki na ulinzi wa miaka 30. Moscow iliikopesha Beijing dola milioni 300 na kuipelekea wataalamu wa viwanda. Mataifa ya Magharibi yaliuona muungano huo kama ukuta mmoja kutoka Ulaya Mashariki hadi Bahari ya Pasifiki, na makoloni yakatakiwa yasiukaribie.

Jaramogi aliukaribia. Mwaka wa 1960 alizuru nchi za Kikomunisti, Uchina ikiwa mojawapo, na aliporejea serikali ya kikoloni ikamnyang'anya pasipoti. Hakukata tamaa. Tom Mboya alikuwa ameanza kuwapeleka vijana Marekani, ndege ya kwanza ya mwaka wa 1959 ikiwabeba 81. Jaramogi naye akawatafutia wengine nafasi za masomo Mashariki. Mwanawe, Raila, alisomea uhandisi Ujerumani Mashariki. Mwaka wa 1992 Raila alichaguliwa mbunge wa Lang'ata, eneobunge ambalo wakati huo lilijumuisha Kibera na mtaa wenyewe wa Ayany.

Hata hivyo, ukuta ule ulikuwa umeanza kupasuka. Katikati ya mwaka wa 1960, Khrushchev aliwaondoa wataalamu wa Kisovieti kutoka Uchina. Kufikia 1963 vyama hivyo viwili vilikuwa vikirushiana maneno hadharani, kila kimoja kikidai kuwa ndicho mfuasi wa kweli wa Marx na Lenin. Marafiki wa jana wakawa washindani, na uwanja wao mmojawapo ukawa Afrika iliyokuwa ikijikomboa.

Kwa Kenya changa, ushindani huo ulionekana kama neema. Mwaka wa 1964 Jaramogi, akiwa waziri, aliandamana na Joseph Murumbi hadi Moscow na Beijing. Wasovieti waliahidi misaada, hospitali ya Kisumu ikiwemo. Wachina wakaahidi ruzuku na mkopo. Mwezi Desemba mwaka huo Jaramogi aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais, na Kenyatta mwenyewe akafungua Taasisi ya Lumumba, iliyokusudiwa kuwafunza makada wa KANU.

Neema hiyo haikudumu. Februari 1965 Pio Gama Pinto, mwandani wa Jaramogi, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Aprili, meli ya Kisovieti ilitia nanga Mombasa ikiwa na silaha, nayo serikali ikazikataa. Mwezi uliofuata msafara wa silaha za Kichina, uliotoka Tanzania kuelekea Uganda, ulinaswa Nyanza Kusini. Taasisi ya Lumumba ikafungwa mwaka huo huo.

Mahasimu wa Jaramogi hawakujali kwamba Moscow na Beijing zilikuwa zikichukiana. Machoni pao kila senti, kila bunduki na kila kitabu kutoka Mashariki kilikuwa na mwenyewe mmoja nchini. Kadiri mataifa hayo yalivyoshindania marafiki, ndivyo ushahidi dhidi yake ulivyozidi kurundikana. Msaada wa Magharibi uliowafikia wapinzani wake haukuitwa uhaini.

Machi 1966, mkutano wa KANU wa Limuru uligawanya wadhifa wake chamani miongoni mwa manaibu wanane. Wanadiplomasia na waandishi kadhaa wa nchi za Kikomunisti walifukuzwa nchini mwezi huo huo. Aprili, Jaramogi alijiuzulu na kujiunga na upinzani, akawa kiongozi wa chama cha KPU.

Mwaka wa 1969 ulifunga ukurasa huo kwa damu. Mwezi Machi, wanajeshi wa Kisovieti na wa Kichina waliuana kwenye Mto Ussuri. Julai, Mboya aliuawa. Oktoba 25, Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa na Wasovieti. Yeye na Jaramogi walitupiana maneno makali mbele ya umati, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Takwimu rasmi zilitaja 11. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini hadi 1971.

Uchina na Muungano wa Kisovieti zilipatana mwaka wa 1989. Miaka miwili baadaye Jaramogi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD, na Muungano wa Kisovieti ukasambaratika. Alifariki Januari 20, 1994, akiwa kiongozi wa upinzani bungeni.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Barabara ya Southern Bypass inayopita kando ya Kibera ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Uchina. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka wa 2017. Serikali zilizofuatana zimeubisha mlango aliolaaniwa Jaramogi kwa kuubisha, na hakuna aliyefutwa kazi kwa kwenda Beijing.

Tofauti ni moja. Hospitali ya Kisumu ililetwa na mashindano ya wakubwa waliotaka marafiki, ilhali reli imeletwa na mkopo unaolipwa na wajukuu wa wale waliopigwa risasi siku ya ufunguzi. Msaada wa mgeni haujawahi kuwa bure. Jaramogi aliulipia peke yake. Leo bili imegawiwa Wakenya wote.