John Newton: Nahodha wa meli za watumwa aliyegeuka kasisi

MACHI 21, mwaka 1748, meli ya Greyhound ilikumbwa na dhoruba kali katika Bahari ya Atlantiki ikiwa njiani kurejea Uingereza. Ndani yake alikuwamo John Newton, kijana wa miaka 22 ambaye kwa kufuru aliwashinda hata mabaharia waliokubuhu. Siku hiyo, akisukuma pampu huku maji yakizidi kuingia, alijikuta akimwomba Mungu aliyemdhihaki kwa miaka mingi.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake, mcha Mungu aliyemfundisha Maandiko, alifariki dunia kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Akiwa na miaka 11 alianza kusafiri baharini na baba yake. Mwaka 1744 alikamatwa na kuingizwa kwa nguvu katika jeshi la majini, akatoroka, akanaswa na kuchapwa mijeledi. Baadaye akaishia katika visiwa vya Plantain, karibu na Sierra Leone, akitumikishwa na mfanyabiashara wa watumwa, mgonjwa na mwenye njaa. Kutoka huko ndiko meli ya Greyhound ilikomchukua, kwa ombi la baba yake.

Simulizi nyingi za mimbarini humtoa Newton katika dhoruba hiyo akiwa tayari mtu mpya. Ukweli ni mchungu zaidi. Aliacha matusi, akaanza kusali, lakini biashara ya watumwa hakuiacha. Kati ya mwaka 1750 na 1754 aliongoza safari tatu kama nahodha. Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika ibada, ilhali chini ya sakafu hiyo hiyo Waafrika walilala wamefungwa minyororo. Shajara yake mwenyewe inaonyesha kwamba waliodhaniwa kupanga uasi walibanwa vidole kwa skrubu.

Hata alipoacha bahari mwaka 1754, kilichomwachisha ni maradhi ya ghafla, si dhamiri.

Akawa ofisa wa forodha Liverpool, na mwaka 1764 akapewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Anglikana, akatumwa katika mji mdogo wa Olney. Huko ndiko alikotunga wimbo wa Amazing Grace kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya wa 1773. Mwaka 1780 akahamia kanisa la St Mary Woolnoth, London.

Desemba 1785 mbunge kijana, William Wilberforce, alimwendea kwa siri, akifikiria kuachana na siasa ili amtumikie Mungu. Newton alimshauri abaki bungeni. Ushauri huo ulizaa matunda makubwa, kwa kuwa Wilberforce ndiye aliyeongoza vita ya kukomesha biashara ya watumwa.

Mwaka 1788, miaka 34 tangu aache bahari, Newton alivunja ukimya. Alichapisha kijitabu kilichoanika unyama alioushuhudia na kuushiriki, akikiri kwamba ungamo lake limechelewa mno. Akatoa ushahidi pia mbele ya kamati za Serikali na Bunge, mzee akijishtaki hadharani.

Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo ilipitishwa Machi 1807. Newton, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, alifariki dunia Desemba 21 mwaka huo huo, akiwa na miaka 82. Alizikwa pamoja na mkewe, Mary, katika kanisa la St Mary Woolnoth, na mwaka 1893 mabaki yao yakahamishiwa Olney.