Louis Pasteur: Kabla ya kichaa cha mbwa, alianza na kuku

Ukiingia kwenye banda la kuku wa nyama leo, iwe Kibaha au Thika, usishangae kukuta maji ya vifaranga yana rangi ya njano. Hiyo ni antibiotiki.

Na mara nyingi kuku wenyewe hawaumwi. Wanapewa ili wasiumwe, na wengine wanapewa ili wanenepe haraka wawahi sokoni. Shida ni kwamba vijidudu vinazoea dawa, na baadhi ya dawa hizo ndizo tunazoandikiwa sisi hospitali.

Ndiyo maana watafiti wanahangaika kutafuta kitu cha kushika nafasi ya antibiotiki kwenye banda, na chanjo ni moja ya majibu. Ila hii si njia mpya hata kidogo. Chanjo ya kwanza kabisa kutengenezwa maabara ilikuwa ya kuku, na aliyeitangaza ni Mfaransa Louis Pasteur, mwaka 1880.

Mtoto wa mtengeneza ngozi

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, Dole, mji mdogo mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa Napoleon, kisha akaishi kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Kijana alikuwa na kipaji cha kuchora, lakini akaishia kusoma kemia Paris.

Jamaa hakuwa daktari wa watu wala wa mifugo. Alianza na fuwele, akahamia kwenye uchachushaji wa pombe na mvinyo, halafu akatumwa kuokoa viwavi wa hariri waliokuwa wanakufa kusini mwa nchi. Huko ndiko alikozama kwenye magonjwa.

Nyumbani hali ilikuwa nzito. Yeye na mkewe Marie walipata watoto 5, wakazika 3 wakiwa bado wadogo, wawili kati yao kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, Pasteur alipigwa na kiharusi kilichomwachia udhaifu upande wa kushoto maisha yake yote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya majaribio yaliyompa jina ilifanywa kwa mikono ya wasaidizi wake, hasa Émile Roux na Charles Chamberland. Hili huwa linasahaulika.

Mlango aliouona na kuupita

Mwaka 1877 Pasteur na mwenzake Jules Joubert walikuwa wanaotesha vijidudu vya kimeta. Wakagundua kwamba bakteria wengine wa kawaida wakiingia kwenye chombo kilekile, vile vya kimeta vinashindwa kukua. Hata mnyama akichomwa mchanganyiko huo, anaweza asiugue. Waliandika kabisa kwamba jambo hilo linaweza kuja kusaidia tiba.

Yaani kijidudu kinamzuia kijidudu mwenzake. Huo ndio msingi wa antibiotiki, miaka 50 na zaidi kabla ya penisilini kuwa dawa. Pasteur aliuona, akaendelea na safari yake. Yeye alitaka kumwandaa mnyama mapema, ugonjwa ukija ukute mwili uko tayari.

Supu ya kuku

Ugonjwa aliouchagua ulikuwa kipindupindu cha kuku. Jina lisikuchanganye, hauhusiani na kipindupindu cha binadamu. Ukiingia kwenye banda, kuku wanasinzia, upanga unageuka rangi ya zambarau, na kwa muda mfupi unakuta mizoga.

Vijidudu alivipata mwishoni mwa 1878 kutoka kwa Henry Toussaint, daktari wa mifugo wa Toulouse ambaye tayari alikuwa anauchunguza ugonjwa huo. Maabara ya Pasteur ikavioteshea kwenye supu ya kuku. Ndiyo, kijidudu kinachoua kuku kilistawi kwenye mchuzi wa kuku.

Kilichofuata kinasimuliwa hivi. Mwaka 1879 watu walienda likizo ya kiangazi, chupa zikabaki mezani. Waliporudi wakawachoma kuku ule mchuzi wa zamani, kuku wakaugua kidogo na kupona. Baadaye wakachomwa vijidudu vipya, vikali. Kuku wageni wakafa. Wale wa mwanzo wakabaki wanadonoa.

Hadithi tamu, ila daftari za maabara zinaonyesha jambo la polepole zaidi. Ilikuwa kazi ya miezi, na Roux alihangaika sana kuzeesha vijidudu kwenye chupa mpaka vikapungua ukali. Bahati ilikuwepo, lakini iliwakuta watu wako kazini.

Februari 1880 Pasteur alitangaza matokeo kwenye Akademia ya Sayansi. Njia yenyewe akaificha mpaka Oktoba, jambo lililowakera wenzake. Hatimaye alieleza kwamba vijidudu vikikaa muda mrefu na hewa ya oksijeni vinadhoofika.

Edward Jenner alishachanja watu dhidi ya ndui mwaka 1796, lakini alitumia ugonjwa wa ng'ombe uliokuwepo tayari kwenye maumbile. Huyu wa kuku ulikuwa ugonjwa halisi uliodhoofishwa na binadamu kwa makusudi. Kwa hiyo ikawa kama kuna fomula, na magonjwa mengine yakaanza kupangiwa foleni.

Kusema kweli, chanjo yenyewe haikufanya vizuri mashambani. Ukali wake ulikuwa haueleweki, leo dhaifu mno, kesho inaua kuku.

Kondoo, mtoto na sungura

Mei 1881, kwenye shamba la Pouilly-le-Fort, Pasteur alijaribu chanjo ya kimeta hadharani. Kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6 walichanjwa, wengine wakaachwa, kisha wote wakachomwa kimeta. Juni 2 umati ulifika na kukuta waliochanjwa wamesimama. Kondoo wote wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakata roho.

Alichokaa nacho kimya ni hiki: chanjo iliyotumika siku ile haikuwa ile ya oksijeni aliyokuwa anaisifia. Ilikuwa ya Chamberland, iliyodhoofishwa kwa kemikali, njia iliyokaribiana na ya Toussaint, ambaye alikuwa ameshatangaza chanjo yake ya kimeta mwaka mmoja nyuma. Toussaint alifariki 1890 akiwa na miaka 43. Pasteur aliiagiza familia isionyeshe daftari zake kwa mtu, na hazikufika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa hadi mjukuu wake alipozitoa mwaka 1964. Kwangu mimi hilo ni doa, na ukubwa wa kazi yake haulifuti.

Julai 6, 1885 ndipo ilipofika zamu ya Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Alichomwa sindano 13, akapona, na Pasteur akawa jina la dunia nzima. Taasisi yake ikafunguliwa Paris mwaka 1888.

Mwaka huohuo kuku walirudi kwenye maisha yake kwa njia ya ajabu. Serikali ya New South Wales, Australia, ilikuwa imeahidi pauni 25,000 kwa atakayemaliza sungura waliokuwa wanakula malisho yote. Pasteur akamtuma mpwa wake Adrien Loir na vijidudu vya kipindupindu cha kuku, kwa sababu vinaua sungura pia. Waaustralia wakakataa wakihofia ndege wao. Hela hakupata.

Alifariki Septemba 28, 1895, akiwa na miaka 72.

Tulivyofuata mlango mwingine

Miaka 55 baadaye, mwaka 1950, watafiti Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle, Marekani, walitangaza kitu ambacho hawakukitafuta. Walikuwa wakisaka vitamini B12 kwa vifaranga, wakawalisha mabaki ya utengenezaji wa antibiotiki iitwayo Aureomycin. Vifaranga wakakua haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kumbe ilikuwa ile dawa yenyewe.

Dozi ndogo kwenye chakula, nyama nyingi, gharama nafuu. Nani angekataa? Lakini usugu wa vijidudu ukaanza kuonekana. Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata Januari 1, 2006.

Chanjo inaingiaje hapo? Kuku anayepambana na maambukizi, hata kama haonekani mgonjwa, anatumia sehemu ya chakula kujilinda badala ya kujenga mwili. Mzuilie ugonjwa na chakula kinarudi kwenye nyama. Ndiyo maana zipo chanjo za kuhara damu ambazo kifaranga hupewa akiwa mdogo kabisa, na watafiti wanahangaikia nyingine za magonjwa ya utumbo yaliyokuwa yakifunikwa na antibiotiki.

Ila mfugaji asidanganywe. Chanjo inakamata ugonjwa uliolengwa tu, na haitamnenepesha kuku aliyebanwa kwenye banda chafu. Na kideri, au mdondo, kinaletwa na virusi, kwa hiyo ile antibiotiki ya njano haikigusi hata ukimimina debe zima. Kwa kideri ipo chanjo ya I-2 ya tone la jicho, inayovumilia joto. Utafiti wake ulitoka Australia, na Tanzania inaitengeneza yenyewe.

Kipindupindu cha kuku nacho bado kipo, na chanjo zake zipo. Bakteria anayekisababisha anaitwa Pasteurella multocida. Amepewa jina la Pasteur.