Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mfanyakazi na Shahidi

Watu wengine hudhani ya kuwa dini ni jambo la siku ya Mungu peke yake. Asubuhi ile huvaa nguo safi na kusali pamoja na wenzao, kisha siku sita zinazofuata huishi kama wasiomjua Mungu. Kazini, husema, mwenye amri ni yule anayelipa mshahara. Akiamuru jambo jema litatendwa, na akiamuru jambo baya litatendwa vilevile, kwa kuwa nyumbani watoto wanangoja chakula. Isidore Bakanja naye alikuwa mtu wa mshahara. Hakuwa padri wala chifu, hakuwa na shule nyingi wala mali. Lakini alijua mpaka wa amri ya mwanadamu, na kwa ajili ya mpaka huo alikufa.

Bakanja alizaliwa kati ya mwaka 1880 na 1890 katika kijiji cha Bokendela, nchi ya Ekwateri, upande wa kaskazini-magharibi ya Kongo. Alikuwa wa kabila la Boangi. Nchi ile ni nchi ya misitu mikubwa na mito mingi, na mtumbwi ndio njia ya watu. Tangu mwaka 1885 Kongo yote ilikuwa chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyeitawala kama mali yake mwenyewe mpaka mwaka 1908. Bakanja alipokuwa kijana, aliacha kijiji chake kama walivyofanya vijana wengi, akaenda kutafuta kazi Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville siku zile. Huko alipata kazi ya kuwasaidia waashi wa wazungu.

Karibu na mji ule, mahali paitwapo Bamanya, walikaa watawa Watrapisti waliotoka Ubelgiji. Walikuwa wakifundisha dini ya Yezu Kristu, na Bakanja akaenda kuwasikiliza. Alijifunza sala, Amri za Mungu na mafumbo ya imani. Mchana alibeba mawe na udongo, na saa za kupumzika alishika mafundisho. Hakubatizwa kwa haraka. Alingoja kama wakatekumeni wote wanavyongoja, mpaka mapadri walipoona kwamba imani imeshika mizizi ndani yake. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa, akapewa jina la Isidore. Mwaka uleule alipata Kipaimara, na mwaka 1907 akapokea Komunyo yake ya kwanza.

Mapadri walimpa Isidore rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya nguo vilivyofungwa kwa kamba, kimoja hulala kifuani na kimoja mgongoni. Watu wa nchi ile waliiita vazi la Bikira Maria. Yafaa kufahamu vizuri jambo hili, maana wako wanaoichukua skapulari kama hirizi, wakidhani itazuia ugonjwa, risasi au uchawi. Isidore hakuivaa kwa nia hiyo. Kwake ilikuwa alama, kama vile pete ya ndoa ilivyo alama. Pete haimzuii mtu asipatwe na shida, lakini huonyesha yeye ni wa nani. Kwa skapulari ile Isidore aliwaonyesha watu wote kwamba amekuwa mtu wa Kristu, mtoto wa Mama Maria. Asiyeona alama hiyo aliona rozari mikononi mwake, na asiyeona rozari alimsikia akisali.

Alipomaliza kazi yake Mbandaka, Isidore alirudi kwao. Lakini kijijini hapakuwa na Wakristu wa kusali pamoja naye, na moyo wake haukutulia. Akaondoka tena, akafuata mto Busira mpaka kituo cha kampuni moja iliyofanya biashara ya mpira. Hapo akawa boi wa mzungu mmoja. Mzungu huyo alipohamishwa kwenda kituo cha Ikili, Isidore alikwenda pamoja naye.

Kazi ya mpira siku zile ilikuwa imewatesa watu wa Kongo kwa muda wa miaka mingi. Wanaume walilazimishwa kuingia msituni kukata mitambaazi na kukinga utomvu wake. Waliorudi na kipimo kidogo walipigwa, au wake zao walifungwa mpaka kipimo kitimie. Wengi walikufa. Wamisionari walipoyaona mambo hayo, baadhi yao walianza kuyasema na kuyaandika, na habari zikafika Ulaya. Kwa hiyo wakubwa wengi wa kampuni waliwachukia wamisionari na wote waliowafuata. Mfanyakazi akionekana anasali, walimwita padri kwa kumdhihaki.

Mkubwa wa kituo cha Ikili alikuwa mmoja wa watu hao. Isidore alifanya kazi yake vizuri. Hakuwa mvivu, hakuwa mwizi. Lakini jioni, kazi ilipokwisha, aliwafundisha wenzake kusali. Hakuwekwa na mtu kuwa katekista, lakini mahali pale hapakuwa na katekista mwingine, na waliomsikiliza walimhesabu kuwa katekista wao. Mkubwa yule alikasirika. Alimwamuru Isidore aache kufundisha sala, akisema kwamba kijiji kizima kitaanza kusali na hapatakuwa na mtu wa kufanya kazi. Isidore aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Aliamriwa pia aivue skapulari.

Hapo Isidore alifika mbele ya mpaka ule. Mkubwa wa kazi alikuwa na haki ya kumwamuru afagie, apike, achukue mizigo, aamke mapema na kulala usiku. Na katika hayo yote Isidore alitii. Lakini mshahara hununua kazi ya mikono. Haununui roho ya mtu, wala haumpi mwenye fedha ruhusa ya kukataza sala. Isidore hakutukana, hakuiba, hakukimbia wala kuchochea wenzake wafanye fujo. Aliendelea na kazi yake na sala zake, na skapulari ikabaki shingoni. Kwa sababu hiyo alipigwa mara ya kwanza.

Siku nyingine, mwaka 1909, mkubwa yule aliiona tena skapulari, akawaka kwa hasira. Aliing'oa shingoni mwa Isidore na kuitupa chini. Akawaita maboi wawili wamshike Isidore mikono na miguu, na wa tatu akaamriwa kumpiga. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo, na mwisho wake ulikuwa na misumari. Isidore alilia na kuomba huruma; shahidi naye ni mtu, na mwili wake husikia maumivu kama mwili wa mtu mwingine. Mkubwa alimpiga mateke naye akaagiza fimbo iendelee. Walihesabu mapigo mia moja, kisha wakapotewa na hesabu. Mgongo wote ulikuwa kidonda kimoja, na mahali pengine mifupa ilionekana.

Yafaa kuwafikiri pia wale watatu. Walikuwa wafanyakazi wenzake, waliokula naye. Hapana shaka waliogopa. Wangekataa, fimbo ingewageukia wao. Lakini mkubwa yule asingeweza kufanya ubaya ule peke yake. Alihitaji mikono ya kushika na mkono wa kupiga, na mikono hiyo aliipata kwa watu waliojua kwamba Isidore hana kosa. Hivyo ndivyo ubaya mkubwa unavyotendeka duniani: mmoja anaamuru, na wengi wanatii kwa sababu ya woga.

Baada ya kupigwa, Isidore aliburutwa mpaka nyumba ya kukaushia mpira, akafungwa minyororo miguuni, akaachwa huko na vidonda vyake. Ikaja habari ya kwamba mkaguzi wa kampuni yuko njiani. Mkubwa aliogopa kazi yake isionekane, akaamuru Isidore apelekwe kijiji kingine. Lakini Isidore hakuweza kwenda kwa miguu. Alijificha msituni, na mkaguzi alipofika, alijikokota mpaka mbele yake. Mkaguzi alipoona mgongo ule ulioharibika na kunuka, alishtuka sana. Mkubwa wa Ikili alikuja mbio akitaka kummaliza, lakini mkaguzi alimzuia. Akamchukua Isidore mpaka mahali pake ili atibiwe.

Vidonda havikupona. Vilikuwa vimeoza, na nguvu za Isidore zikapungua siku kwa siku. Alipoona kwamba kifo kinakaribia, aliwaomba waliokuwa karibu naye kwamba wakimwona mama yake, au wakienda mbele ya mwamuzi, au wakikutana na padri, wawaambie kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristu. Tena alitaja watatu: mama, mwamuzi na padri. Kwa mama alituma habari ya mtoto wake. Kwa padri habari ya imani yake. Na kwa mwamuzi habari ya haki. Hakutaka jambo lile lizikwe pamoja naye.

Mwezi wa Julai mwaka ule mapadri wawili Watrapisti walifika, wakakaa naye siku kadhaa. Isidore aliungama, akapokea Ekaristi na Mpako Mtakatifu. Walipomwuliza kwa nini alipigwa, aliwaeleza yote waziwazi: kwamba mzungu yule hakuwapenda Wakristu, hakutaka avae vazi la Bikira Maria, na alimkemea alipokuwa anasali. Mapadri wakamwomba amsamehe aliyemtesa. Isidore akajibu kwamba hana chuki naye; tena akaahidi kwamba atamwombea, na akifika mbinguni atamwombea sana.

Wengine wakisikia habari hii huuliza: ikiwa amesamehe, kwa nini alisema yaliyotendeka? Wengine nao huuliza: ikiwa alisema, je, amesamehe kweli? Isidore hakuona vita kati ya mambo hayo mawili. Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni na kumtakia mkosaji wokovu. Kusema kweli mbele ya mwamuzi ni kulinda wengine wasije wakapigwa kesho. Anayelipiza kisasi hujifanya mwamuzi mwenyewe. Na anayeficha ubaya humwachia mwovu fimbo mkononi. Isidore alikataa njia zote mbili. Moyo wake ulimpa mtesi sala, na kinywa chake kikampa mwamuzi kweli.

Kwa muda wa miezi kadhaa aliteseka. Tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Isidore aliondoka kitandani kwa nguvu zake za mwisho, akaenda katika migomba akisali, rozari mkononi. Kisha alirudi, akalala, akafa. Rozari ilikuwa bado mkononi, na skapulari shingoni. Mkubwa wa Ikili alipelekwa mbele ya waamuzi, akahukumiwa kwa kosa lake. Mwaka 1917 mifupa ya Isidore ilihamishwa, ikawekwa Bokote. Tarehe 24 Aprili 1994, maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekusanyika Roma katika Sinodi, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Isidore Bakanja kuwa Mwenye Heri.

Siku za mpira wa msituni zimekwisha, lakini kazi ya mshahara haikwisha, na mpaka ule uko mahali pake. Karani huambiwa aandike hesabu ya uongo, ili mkubwa apate faida. Mlinzi huambiwa ampige mtu aliyeshikwa, kabla hajulikani kama ana kosa. Msichana anayetafuta kazi huambiwa autoe mwili wake kwanza. Mchimba madini huona mwenzake akidhulumiwa katika mizani, naye hunyamaza asije akafukuzwa. Kila mmoja wao ana sababu ya kuogopa, kama wale maboi watatu wa Ikili walivyokuwa nayo. Lakini kila mmoja pia ana mfano wa Isidore.

Basi, mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo afikiri neno moja. Siku ile atakapomwagiwa maji, atapewa jina jipya na alama ya Kristu. Alama hiyo haitamzuilia mapigo. Isidore alipigwa akiwa ameivaa. Lakini itamkumbusha kila siku, shambani, mgodini, sokoni na ofisini, kwamba yuko Bwana mmoja aliye juu ya mabwana wote, na ya kuwa mwanadamu akiamuru jambo ambalo Bwana huyo amelikataza, Mkristu hujibu kwa heshima na bila chuki, ya kwamba hawezi.